Kabla ya Kununua Mashine ya Chakula, Jifunze Kutupa Kimia

Leo naweka pembeni nyanya na kuku, nataka tuongee na wafugaji wa samaki. Nianze na msimamo wangu bila kuzunguka: kijana mwenye bwawa ambaye hawezi kusimama ukingoni akatupa kimia na kikafunguka, bado hajaanza biashara ya samaki. Ana maji yenye samaki ndani, basi.

Najua wengine mtasema nimewaonea. Mtu katumia pesa kuchimba bwawa, kanunua vifaranga madume watupu, kanunua chakula kinachoelea, na sasa anauliza bei ya mashine ya kutengeneza chakula mwenyewe. Halafu ofisa ugani anakuja kumwambia habari za kimia, kitu cha wazee wa pwani na wa ziwani! Lakini nivumilie mpaka mwisho. Nadhani nitakuonyesha kwamba zana hii ya bei ndogo ndiyo inayoamua kama zile za bei kubwa zitakulipa.

Kwa asiyekijua, kimia ni wavu wa duara unaotupwa kwa mkono. Katikati kuna kitovu kilichofungwa kamba, na pembeni kote, kwenye pindo, kuna chubwi, yaani vile vipande vya risasi vya kuuzamisha. Ukitupwa vizuri unafunguka hewani kama mwavuli, unaangukia maji kwa mkupuo mmoja, unazama na kuwafunika samaki. Wengine wanauita wavu wa kurusha. Jina lolote sawa, kazi ni ile ile.

CHAKULA NDICHO KINACHOKULA FAIDA

Kwenye ufugaji wa sato au perege unaotegemea chakula cha kununua, zaidi ya nusu ya gharama zako za uendeshaji huishia kwenye chakula. Sasa chakula hicho hatukipimi kwa macho. Tunakipima kwa uzito wa samaki waliomo. Samaki wa wastani wa gramu 100 tunamkadiria kama asilimia 3 ya uzito wake kwa siku. Akiwa mdogo zaidi anapewa asilimia kubwa zaidi, akikua asilimia inashuka. Kwa hiyo usipojua uzito wa samaki wako leo, hujui umpe nini leo.

Hebu tupige hesabu. Una bwawa la mita za mraba 300. Ulipandikiza vifaranga 3 kwa kila mita ya mraba, jumla 900. Tuseme baada ya vifo na ndege wamebaki 800. Unasimama ukingoni jioni, samaki wanakuja juu kugombea chakula, unawaona wakubwa. Unajiambia hawa wamefika gramu 150. Mara 800, hiyo ni kilo 120. Asilimia 3 ya kilo 120 ni kilo 3.6 kwa siku.

Lakini ukiwapima kweli unakuta wastani ni gramu 100. Mara 800 ni kilo 80, na asilimia 3 yake ni kilo 2.4. Tofauti ni kilo 1.2 kila siku. Kwa siku 30 ni kilo 36 za chakula. Chukua kilo hizo 36, zidisha kwa bei unayonunulia wewe, halafu linganisha na bei ya kimia kimoja cha futi 5. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, sitaki kukuamulia.

Na usifikiri zile kilo 36 zimeliwa. Zimekaa chini, zinaoza, zinakula hewa ya maji. Asubuhi moja unakuta samaki wanahema juu, unampigia simu mtaalamu unamwambia bwawa limewekewa sumu na jirani. Kumbe sumu umeinunua mwenyewe, tena kwa risiti.

Upo pia upande wa pili. Unaweza kudhani wana gramu 100 kumbe wana 150, ukawalisha pungufu mwezi mzima. Hapo hakuna kinachooza, ila samaki waliotakiwa kufika sokoni mwezi wa saba wanafika wa tisa. Na mkopo haukungoji.

KWA NINI MTUPO WENYEWE NI MUHIMU

Sasa mtu ataniambia: sawa, kupima ni lazima, lakini si unashika samaki kwa njia yoyote ile? Weka chakula, wakija chota na ndoo. Hapa ndipo tunapotofautiana.

Wanaokuja kwanza kwenye chakula ni wale wenye nguvu. Ukichota hapo unapima wababe wa bwawa peke yao, halafu unaandika kwenye daftari kwamba ndio wastani. Utalisha kwa hesabu ya wababe.

Na samaki hawa si wajinga. Sato anajua kukwepa wavu. Anaruka juu, anapenya chini ya pindo, analala kwenye tope. Mtupo wa kwanza unawakuta hawana habari. Ukienda vibaya, kimia kikaangukia maji kimejikunja, umepiga kelele bure na umewaonya wote. Mtupo wa tano unapokuja kufunguka vizuri, waliobaki karibu ni wadogo na wazito wa kukimbia. Wakubwa wameshahamia upande wa pili. Unapima hao, unapata gramu 70, unapunguza chakula kwa bwawa zima. Wakubwa wako wanashinda njaa kwa sababu ya mkono wako.

Ndo maana nasema ubora wa mtupo ndio ubora wa takwimu. Kimia cha futi 5 kina urefu wa kama mita 1.5 kutoka kitovu hadi pindo. Kikifunguka chote kinafunika karibu mita za mraba 7. Kikianguka nusu duara, unapata chini ya mita 4, na tena upande ulio wazi ndio mlango wa kutokea. Watu wawili, kimia kimoja, bwawa moja, wataandika namba mbili tofauti, na tofauti yenyewe imetokana na kiuno na mikono tu.

SOKO LINAKUJA KWA KILO KUMI

Sababu ya pili ni ya pesa moja kwa moja. Wengi wenu mnavuna kwa kokoro: watu wanne au watano wanaingia majini, wanaburuta wavu bwawa zima. Njia hiyo inafaa siku ya kuvuna yote. Lakini mteja wako wa kweli anataka nini? Mama lishe anataka kilo 5 za leo. Mwenye baa anataka kilo 10 Ijumaa na 10 Jumamosi. Huwezi kuita vijana watano na kuvuruga tope la bwawa zima kwa kilo 5. Kwa hiyo unamwambia hapana, unamsubiri mchuuzi wa kuchukua mzigo wote.

Na mchuuzi anajua. Anakuja bwawa limeshavunwa, samaki wamelala kwenye turubai, jua linapanda, barafu huna. Hapo bei anapanga nani? Unauza kwa bei yake maana mzigo hauwezi kulala. Nimeshuhudia mazungumzo ya namna hiyo mara nyingi, na sijaona mfugaji akishinda hata mara moja.

Anayejua kutupa kimia anasimama mahali tofauti kabisa. Anavua kilo 10 asubuhi peke yake, anachagua waliofika ukubwa, wadogo anawarudisha, waliobaki wanaendelea kukua. Mchuuzi akileta bei mbaya anaambiwa rudi wiki ijayo, na bwawa bado limejaa. Samaki aliye hai kwenye maji ndiye jokofu lako, ila jokofu hilo linataka mtu anayejua kulifungua.

Jambo la tatu wachache hulitaja: afya yako. Mikoa mingi tunayofugia, hasa kandokando ya Ziwa Victoria, ina kichocho. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni, na bwawa lisilosafishwa linawafaa sana. Kila unapoingia maji mpaka kifuani kuburuta kokoro unajiweka hatarini. Kimia unakitupa ukiwa umesimama ukingoni, pakavu, na buti zako.

KUCHAGUA KIMIA

Usianze na kikubwa. Vijana wengi wakienda dukani wanataka kile cha futi 8 au 10 kwa sababu muuzaji kawaambia kinafunika eneo kubwa. Kinafunika eneo kubwa kikifunguka. Mkononi mwa anayejifunza hakifunguki. Anza na futi 5 au 6. Kwa bwawa lenye kina cha mita 1 hadi 1.5 kinakutosha kabisa.

Macho ya wavu yasizidi inchi 1 kwa kupimia. Macho makubwa yanawaacha wadogo wapite, na wewe unataka kuona wote, wadogo kwa wakubwa. Ukipata wadogo kabisa wa urefu wa kidole ambao hukuwapandikiza, hiyo nayo ni habari: samaki wako wameshaanza kuzaana, bwawa linaelekea kujaa watoto watakaokula chakula na wasikue.

Angalia chubwi. Ziwe zimekaa karibu karibu pindo zima bila pengo. Pakiwa na pengo wavu unainuka hapo ukiuvuta, na samaki wanatokea hapo hapo.

NAMNA YA KUTUPA

Naeleza kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto geuza.

1. Vua saa, pete na chochote chenye kifungo cha nje. Jicho moja la wavu likinasa kwenye kifungo cha shati, mtupo umekwisha, na wewe unaweza kuufuata majini.

2. Lowesha kimia kwanza. Kikikauka ni chepesi na nyuzi zinashikana. Kikilowa kinatulia na kutawanyika vizuri zaidi.

3. Tia kitanzi cha kamba kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kiwe cha kuvulika haraka. Kamba iliyobaki ikunje mizunguko mikubwa kiasi ndani ya kiganja hicho hicho. Mizunguko midogo inajifunga fundo.

4. Shika kitovu kwa mkono wa kushoto, acha wavu uning'inie, utikise mpaka nyuzi zinyooke. Kisha kunja mara moja na ushike tena, ili chubwi zining'inie usawa wa magoti. Zikiburuta chini unazivuta na majani. Zikiwa juu mno hazina mzunguko wa kuufungua wavu.

5. Okota sehemu ya pindo iliyo karibu nawe, ipandishe juu ya kiwiko au bega la kushoto. Wazee wengi hapa wanauma pindo kwa meno. Mimi nasema acheni. Chubwi nyingi ni risasi, na risasi ni sumu inayokusanyika mwilini kidogo kidogo. Bega linafanya kazi ile ile.

6. Pindo lililobaki ligawe mara mbili. Nusu inabaki mkono wa kushoto, nusu chukua kwa mkono wa kulia, vidole vikiwa vimeshika juu kidogo ya chubwi. Angalia hakuna sehemu iliyojisokota.

7. Simama ubavu, bega la kushoto likielekea maji, miguu iachane kama upana wa mabega. Zungusha kiuno kurudi nyuma kulia bila haraka, kisha kizungushe kuelekea maji. Mkono wa kulia unaachia kwanza, kwa mwendo wa kupeta ungo, si wa kurusha jiwe. Wa kushoto unafuata mara moja. Elekeza mtupo mbele, usawa wa kifua au juu kidogo, usiupige chini kwenye maji.

8. Kikishatua, tulia. Acha chubwi zifike chini. Kamba itakuambia: ikilegea, zimefika. Kwenye kina cha mita moja na nusu hesabu taratibu mpaka tano. Kisha vuta polepole, mivuto mifupi, ili pindo liburute chini na kujikusanya. Usiinue mpaka uhisi chubwi zote zimekutana. Haraka ya hapa ndiyo inayoacha samaki wengi.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA SIKU

Kimia kikianguka kama mwezi mchanga, umeachia mikono yote miwili kwa pamoja au mkono wa kulia ulibeba pindo dogo. Ongeza fungu la kulia, na acha mkono huo utangulie.

Kikianguka kama furushi, umetumia nguvu ya mkono badala ya kiuno. Hapa ndipo vijana wenye vifua vipana wanaposhindwa na kubaki kushangaa. Nimefundisha vikundi ambavyo wasichana ndio waliokuwa wa kwanza kukifungua, kwa sababu hawakujaribu kukishinda nguvu, walizunguka tu na kukiachia. Kwa hiyo dada yangu, usimwachie kaka kazi hii kwa kudhani ni ya misuli.

Kikifunguka mapema na kukuangukia miguuni, umechelewa kuzunguka au umesimama umeangalia maji moja kwa moja. Rudi kwenye ubavu.

Kikifunguka vizuri halafu kikatoka na samaki wawili tu, tatizo si mtupo. Ama umevuta haraka, ama chini kuna visiki na mawe yanayoinua pindo, ama kivuli chako kilitangulia. Jua likiwa mgongoni mwako kivuli kinaingia majini kabla yako.

JIFUNZIE NCHI KAVU

Usijifunzie kwenye bwawa lako. Kila mtupo mbovu unawafundisha samaki. Nenda uwanja wa mpira au penye nyasi fupi, pasipo miba wala kokoto. Weka tairi kuukuu la gari kama shabaha, hatua nne mbele. Tupa mara 30 asubuhi, siku saba. Siku ya kwanza na ya pili usijali shabaha kabisa, tafuta duara tu. Duara likija, ndipo uanze kulipeleka kwenye tairi.

Mwambie mwenzako akupige video kwa simu kutoka pembeni. Ukiangalia polepole utaona mwenyewe mkono gani umeachia lini. Video ya dakika moja inafundisha kuliko maneno yangu yote haya. Watoto wa jirani watacheka. Waache, siku ya kuvuna watakuja kuomba samaki.

SIKU YA KUPIMA

Pima kila baada ya wiki mbili, au mwezi ukizidi. Siku hiyo usiwalishe kabla. Usianze alfajiri, maana wakati huo hewa ya maji iko chini kabisa na samaki tayari wana shida. Ngoja jua lichomoze vizuri, saa mbili hadi saa tatu asubuhi, umalize kabla ya joto.

Tupa sehemu tatu au nne tofauti: karibu na maji yanapoingilia, yanapotokea, na pande mbili za katikati. Usitupe penye chakula peke yake. Tafuta samaki wasiopungua 30, wakifika 50 ni vizuri zaidi. Hakikisha ndoo iko tayari na maji ya bwawa ndani kabla hujatupa.

Pima ndoo na maji yake kwanza, andika. Weka samaki, pima tena, toa uzito wa kwanza. Mfano umepata samaki 40 na uzito wao ni kilo 4. Gawa, ni gramu 100 kila mmoja. Zidisha kwa idadi unayokadiria iko bwawani, tafuta asilimia ya chakula, huo ndio mgao wako mpaka kipimo kijacho. Warudishe kwa kuzamisha ndoo, usiwamwage kutoka juu. Andika tarehe kwenye daftari. Baada ya vipimo vinne utakuwa na mstari wa ukuaji wa bwawa lako mwenyewe, na hapo hakuna muuza chakula atakayekudanganya kwamba chakula chake kinakuza haraka.

Ukimaliza, suuza kimia kwa maji safi, kianike juani mpaka kikauke kabisa. Usiazimishane vimia vilivyolowa. Ugonjwa unasafiri kutoka bwawa hadi bwawa ndani ya wavu mbichi, na hii ndiyo sababu mojawapo sipendi wazo la kukodi mvuvi kila unapotaka kupima. Anakuja na kimia kilichotoka kwa mtu mwingine asubuhi hiyo hiyo. Halafu kwa kuwa analipwa, unaahirisha. Wiki mbili zinakuwa mwezi, mwezi unakuwa miwili.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

Kwanza, bwawa lako si ziwa. Kwa hapa Tanzania, ziwani, mtoni na baharini zana za uvuvi zinaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Usichukue kimia cha kupimia chenye macho madogo ukaenda nacho ufukweni kujaribu bahati. Muulize kwanza ofisa uvuvi wa wilaya yako nini kinaruhusiwa eneo hilo.

Pili, kwenye malambo na kingo za mto penye mamba au viboko, usisimame ukingoni kutupa chochote, na usijifunge kamba mkononi. Hakuna samaki wa thamani hiyo.

Tatu, kimia si dawa ya kila kitu. Kwenye vizimba tumia wavu wa kuchota. Kwa kambale kinasaidia kidogo tu, maana anajichimbia kwenye tope na kupita chini ya pindo. Kwenye bwawa lenye visiki kitachanika siku ya kwanza, toa visiki ndipo uje tuongee.

NENO LANGU LA MWISHO

Sina ugomvi na mashine za chakula. Zina faida yake. Lakini mashine itakupa chakula kingi zaidi, haitakuambia umpe nani kiasi gani. Ukiwa unalisha kwa kukisia, mashine inakusaidia kukisia kwa wingi.

Tatizo letu vijana tunapenda kuanzia kwenye kitu cha kupigwa picha. Kimia hakipendezi kwenye picha, kinanuka, na wiki ya kwanza kinakufanya uonekane hujui kitu. Lakini ukishakiweza, kila wiki mbili unajua kilichomo ndani ya maji yako bila kumuuliza mtu, na mteja wa kilo 5 hapiti mlangoni kwako bure.

Wiki hii tafuta kimia cha futi 5 na tairi kuukuu. Mitupo 30 kesho asubuhi. Ukifika siku ya saba, nenda na mizani bwawani kwako, upige ile hesabu ya chakula upya. Wengi mtakuta mnalisha samaki ambao hawapo.

Kazi njema.